Pointi Nne Zinatosha

Elerai, Arusha
14 Septemba 1996

Kwa kaka yangu mpendwa Eliamini,

Shikamoo, kaka. Naitanguliza shikamoo hii mbele ya mengine yote, maana barua ni ndefu na sitaki uifikie katikati ukaona mdogo wako amesahau adabu. U hali gani huko Kilosa? Mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu, au bado unauburuta? Shemeji hajambo? Watoto je? Ukiuliza habari za huku, sisi ni wazima kabisa, isipokuwa Nanyori, shemeji yako, ambaye alishikwa na kikohozi wakati wa baridi ya Julai. Sasa amepona na amerudi kuuza maziwa yake sokoni, na kelele zake zimerudi nyumbani.

Bucha yangu ya Daraja Mbili inaendelea, ingawa siku hizi kila kona ina bucha. Tangu mambo yawe ruksa, kila mwenye kisu na gogo anajiita mfanyabiashara. Wateja nao wamejifunza kuchagua. Wanaipindua nyama huku na huku kama wananunua shati la mitumba, halafu wanauliza kwa nini ina mfupa. Juzi nilimfukuza mmoja, nikamwambia aende akatafute ng'ombe asiye na mifupa, akimpata aniitie. Najua unatikisa kichwa. Hasira zangu hazijapungua, kaka, ila mwaka huu zimepata somo, na ndiyo sababu ninakuandikia.

Katika barua yako ya Krismasi uliniuliza yule binti yetu Nashipae anasoma mpaka wapi. Sikukujibu kwa sababu alikuwa kidato cha sita, na mimi niliapa sitamtaja kwa mtu mpaka amalize. Alikuwa akisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, anataka udaktari. Ada nililipa, tuisheni nililipa, nikadhani kazi ya baba imekwisha hapo. Kumbe ilikuwa haijaanza.

Siku moja ya mwezi wa kwanza alikuja buchani, akasubiri wateja waishe, akaniomba moyo. Nikamuuliza mama yake anataka kupika nini. Akasema si wa kupika. Shuleni kwao maabara ina meza nzuri na mabomba, lakini vya kupasua hakuna, wanasoma moyo kwenye picha ya kitabu, na kitabu chenyewe ni kimoja kwa watoto wanane. Nikampa moyo wa ng'ombe, mzima, haujachanwa. Jioni hiyo akauweka kwenye sinia uani kwetu, akafungua daftari, akaniomba nikae pale nimsikilize, eti anayeweza kumweleza mtu mwingine ndiye aliyeelewa.

Kaka, mimi nimekata mioyo tangu mwaka sabini na tatu. Naijua kwa mkono, hata nikifumba macho. Najua kwamba upande mmoja ni mnene na mwingine ni mwembamba, na wateja wangu wazee huniomba ule mnene. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini. Mtoto akaingiza kidole kwenye mshipa mkubwa, kikatokea ndani ya chumba, akanionyesha kwamba upande mwembamba kazi yake ni kusukuma damu hadi kwenye mapafu tu, ambayo yako hapo jirani, na ule mnene unaisukuma mwili mzima, mpaka kwenye kwato. Akanionyesha vijilango vya ngozi nyembamba vilivyofungwa kwa nyuzi ili visipinduke damu inapotaka kurudi nyuma. Nyuzi zile nimezikwangua na kuwatupia mbwa miaka ishirini na tatu. Nilikaa kwenye kigoda changu nikaona haya, halafu haya ikaondoka nikabaki nashangaa tu. Nilijishika kifua. Nilikuwa na kitu kama kile humu ndani, kinafanya kazi ile, na sikuwahi kukishukuru.

Tangu hapo kila Jumamosi nilimletea kitu. Figo, pafu, kipande cha utumbo. Wiki moja nilimletea macho. Alilipasua jicho taratibu, akatoa ndani yake kitu cheupe kinachong'aa kama gololi, akakiosha, akakiweka juu ya gazeti. Akaniita nichungulie. Herufi za gazeti zilizokuwa chini yake zilikuwa zimekua! Nikakisogeza, nikasoma neno la pili, nalo likakua. Nikamwita Nanyori aache maziwa aje aone. Ng'ombe amekufa tangu alfajiri, na jicho lake bado linanisaidia kusoma gazeti. Nilishindwa kula jioni ile, na unajua mimi si mtu wa kuacha chakula.

Na mimi sikukaa bure. Nilimfundisha kwamba kisu hakisukumwi, kinavutwa, na kwamba ukitaka kutenganisha ngozi na nyama unafuata njia iliyopo tayari, hulazimishi yako. Akawaambia wenzake. Ikafika mahali uani kwangu Jumamosi wamejaa watoto saba, wasichana kwa wavulana, wote wamekunja mikono ya mashati, na mimi katikati yao, niliyeishia darasa la nne, nawaelekeza namna ya kushika kisu. Mwalimu wao wa Baiolojia, Mwalimu Fanuel, Mchaga wa Machame, mtu mpole sana, alikuja mara mbili kutazama. Akanipa mkono akaniita mwalimu mwenzake. Sikulala vizuri kwa furaha.

Sasa nikueleze habari ya pointi, maana bila hiyo hutaelewa kilichonipata. Matokeo ya hawa watoto yanahesabiwa kwa pointi. Nashipae alipomaliza kidato cha nne niliambiwa amefaulu na amechaguliwa, basi, sikuuliza idadi. Lakini mwaka huu wazazi wote walikuwa wanazungumza pointi, pointi, pointi. Siku moja buchani mama mmoja alimwambia mwenzake kwamba mwanawe mwaka jana alipata pointi kumi na nane, na yule mwenzake akasema, "Mambo hayo!" Nikadhani amepongezwa. Nikamuuliza karani mmoja mteja wangu mwisho wa pointi ni ngapi, akasema mwisho ni ishirini na moja. Nikaiweka hesabu hiyo moyoni. Wewe na mimi tumelelewa tukijua kwamba ng'ombe wengi ni bora kuliko ng'ombe wachache. Nani angedhani pointi ni tofauti?

Wiki moja kabla ya mtihani jumuiya yetu ya kanisa ilikutana nyumbani kwetu, nikaomba nipewe nafasi ya kumwombea binti yangu. Nikasimama, nikaomba kwa nguvu zote. Nikamwambia Mungu ampe Nashipae pointi nyingi, ampe ishirini, na ikimpendeza ampe zote ishirini na moja, asibakize hata moja. Watu wakasema amina. Mwalimu Fanuel alikuwepo, akakohoa ndani ya leso mpaka machozi yakamtoka, nikadhani ameguswa. Nashipae alikuwa ameficha uso kwa kanga ya mama yake. Baadaye akaniambia, taratibu, kwamba Mungu akimpa hizo ishirini itabidi arudi kuchunga mbuzi. Nikadhani ananitania, maana anapenda kunitania, nikamjibu kwamba atapata hata ishirini na mbili. Akacheka, na mimi nikacheka. Yeye alidhani nimeelewa. Hakuna mwingine aliyethubutu kuniambia lolote, na sababu unaijua, ni huu mdomo wangu.

Mtihani wa vitendo ulipofika walipewa panya. Panya, kaka! Mtoto amejifunzia kwa ng'ombe, wanamletea panya. Alirudi akisema mikono haikutetemeka. Alikuwa akilalamikia Fizikia tu, ambayo mimi sikuweza kumsaidia kwa lolote, maana katika bucha fizikia ni mizani peke yake.

Matokeo yalitoka Alhamisi moja ya mwezi uliopita. Nashipae aliondoka asubuhi na wenzake kwenda shuleni kuyasubiri. Kama saa tano hivi nikamwona Mwalimu Fanuel anakuja mbio buchani, koti liko wazi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tunavyomshika mtu aliyefiwa. Macho yalikuwa yamelowa. Akaniambia Nashipae amepata pointi nne. Akarudia, nne. Akasema amefundisha miaka kumi na tisa na hajawahi kuona kitu kama kile katika darasa lake. Kisha akasema lazima amuwahi mkuu wa shule, akaondoka.

Nne, kati ya ishirini na moja.

Nilifunga bucha kukiwa na wateja watatu kwenye foleni. Nikaanza kupanda kwa miguu kurudi Elerai, na hasira ikapanda pamoja nami. Nilihesabu mioyo niliyompa, macho, mapafu. Nikakumbuka wale watoto saba uani, na jinsi nilivyojiona mwalimu. Nikaanza kumsemesha Nashipae kwa sauti barabarani, kwa Kimaa chetu, yeye hayupo. Nikamwambia nyumba yangu haina nafasi ya mtu anayekula cha watu na kurudi mikono mitupu. Nikamwambia achukue shuka lake. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alinipisha akaenda upande wa pili wa barabara.

Hapo ndipo niliposimama. Maneno yale hayakuwa yangu. Yalikuwa ya baba, neno kwa neno, na hata sauti ilikuwa yake. Unayakumbuka kuliko mimi, kwa kuwa uliambiwa wewe, mwaka sitini na mbili, majibu ya darasa la nane yalipokuja na jina lako halimo. Baba alikuwa amechinja kondoo tangu asubuhi kwa uhakika wa kwamba utafaulu. Ulisimama pale langoni mwa zizi ukayasikiliza yote, ukachukua shuka, ukaenda. Ulikuwa na miaka kumi na sita. Leo ni miaka thelathini na nne na hujarudi, hata tulipomzika yeye mwenyewe.

Nilipofika nyumbani Nanyori alikuwa bado sokoni. Kulikuwa na kondoo dume niliyemnenepesha tangu Pasaka kwa ajili ya siku hii. Nilimtazama. Nikamtoa, nikamfunga, nikakaa naye. Mkono mmoja ulitaka kumrudisha bandani, maana nani anamchinjia mtoto aliyeshindwa? Majirani watasema nini? Nikamchinja. Kaka, nimechinja wanyama wengi kuliko nywele za kichwa changu, lakini yule ndiye wa kwanza niliyemchinja nikiwa nalia.

Nashipae aliingia nikiwa bado namchuna kondoo. Macho yamevimba, alikuwa amelia njia nzima. Akaja mbele yangu akainamisha kichwa kama wanavyofanya watoto wetu, ingawa sasa ni mrefu kuliko mimi. Nikafuta damu kwenye aproni, nikamwekea mkono kichwani, na sikuuondoa haraka. Nikamwambia kwamba nimesikia ni pointi nne. Nikamwambia nne zinatosha. Sikumzaa ili aniletee pointi, nikamwambia, nilimzaa tu, na kondoo huyu ni wake, na lango la nyumba hii halitafungwa kwa ajili ya mtihani wowote maadamu mimi niko hai. Nikamwambia yeye ndiye aliyenionyesha moyo wangu mwenyewe, na hilo hakuna wa kulisahihisha. Akanikumbatia na aproni ile ile yenye damu, akalia kama mtoto mchanga. Akasema, "Baba, nilidhani utaniuliza ile moja." Sikujua moja gani. Nikamwambia sitauliza moja wala mbili.

Ndipo nikasikia vigelegele. Wanawake wanakuja njia nzima wakipiga vigelegele, mbele yao Agnela, yule jirani yetu Mchaga anayeuza ndizi. Damu ilinipanda. Nikadhani wamekuja kumcheka mtoto wangu mlangoni kwangu. Nikachukua fimbo na kuwaendea, na naapa ningeichapa hata miguu ya Agnela. Lakini kabla sijafika alikuwa amekwisha kuona kondoo. Akaruka juu akapiga kelele kwamba mwone mzazi huyo, amejua mapema na amekwisha kuchinja! Nikaigeuza fimbo nikajifanya nafukuza mbwa.

Nilirudi kuchuna, masikio yamesimama. Bibi mmoja wa Kiarusha aliyekuja nao aliuliza kwa mshangao, nne tu? Nikamshukuru Mungu kwa bibi yule. Agnela akamweleza kwamba pointi ni kama mbio: anayefika wa kwanza anapewa moja, wa pili mbili, kwa hiyo ndogo ndiyo kubwa. Masomo yako matatu, na aliyefanya vizuri kupita wote anapata tatu, hakuna chini ya hapo. Nashipae ana A mbili, na Fizikia amepata B, ndiyo zikawa nne. Na ishirini na moja, Agnela akasema, ni ziro tupu, ni mtu ambaye hakujua hata swali moja.

Kisu kilinianguka, kaka. Nilimwomba Mungu mbele ya jumuiya nzima amwangushe mtoto wangu katika kila somo, asibakize hata moja! Na Mungu alinisikiliza, akaninyamazia, akafanya lake. Nashipae alikuwa akilia njiani kwa sababu ya ile B, ile pointi moja iliyozidi tatu. Mwalimu wa Fizikia alikuwa amemwambia mbele ya wenzake kwamba amekosa tatu kwa uzembe, na rafiki yake mmoja mwenye pointi sita alichapwa kibao na baba yake pale pale shuleni. Naye alikuwa anakuja kwangu, na hasira zangu anazijua.

Jumapili iliyopita alitoa shukrani kanisani. Akasema amepata nafasi ya kusomea udaktari Muhimbili, na kwamba zaidi ya cheti anamshukuru baba yake, aliyemwambia nne zinatosha kabla hajafungua kinywa. Watu wakanigeukia. Mchungaji akayachukua maneno yangu akayahubiri. Wazazi watatu wameshakuja buchani kuniuliza nilipata wapi hekima ile. Nimewauzia nyama, nimenyamaza.

Kwa hiyo nakuungamia wewe, na ni wewe peke yako unayejua. Sikuwa na hekima yoyote. Nilidhani mtoto ameshindwa vibaya kuliko watoto wote wa shule ile. Maneno wanayoyasifu niliyasema kwa mtoto aliyeanguka, na mtoto huyo hakuwepo. Nashipae alifaulu, hakuyahitaji kwa namna niliyoyasema. Nimejiuliza sana nilikuwa nazungumza na nani pale uani, mkono ukiwa kichwani mwake. Nilikuwa nazungumza na wewe, kaka. Siku ile nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa jikoni, namsikia baba, nakusikia wewe umenyamaza. Fungu lako la nyama nilipewa mimi, nikalila lote, na lilikuwa tamu. Sikutoka nje hata kukuaga. Hilo sijapata kumwambia mtu, hata Nanyori.

Maneno yale ni yako. Yamechelewa, na yamemfikia mwingine kwanza, lakini ni yako. Nashipae anaondoka kwenda Dar mwezi wa kumi, na anataka baba yake mkubwa amwekee mkono kichwani kabla hajaondoka. Njoo, kaka. Langoni hakuna atakayekuuliza ulipata ngapi.

Nanyori anakusalimu na anasema mafuta ya kondoo amekuwekea kwenye kibuyu kwa ajili ya mguu wako. Nashipae anasema shikamoo baba mkubwa. Msalimu sana shemeji na watoto wote, kila mmoja kwa jina lake. Mungu akulinde njiani.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Gidion